Dawa Ndani ya Maji

Neno dawa lina kazi nyingi mno katika Kiswahili. Anayoandika daktari ni dawa, ya kuulia mbu ni dawa, mkulima wa pamba anapuliza dawa, mganga anachanja dawa. Ukimsikia mtu wa Rufiji akisema fulani "anavua kwa dawa", usidhani amekwenda kwa mganga kuomba bahati. Ana maana kwamba amemimina kiuatilifu ziwani na kukaa ukingoni akisubiri samaki waelee.

Ninaanza na neno hilo kwa sababu bonde la Rufiji lina historia ndefu ya dawa na maji, na mwanzo wake unaojulikana zaidi hauna samaki hata mmoja. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alizama katika kidimbwi, ndugu zake wakamlilia, na simulizi zinasema kesho yake alitoka akiwa mkavu. Watu walimiminika kwake kama walivyokuwa wakimiminika Kibesa, mtoni Rufiji, kwa Bokero. Walichopewa kilikuwa maji, mafuta ya mbono na punje za mtama. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, vita ikaendelea bila yeye hadi 1907. Shuleni tunafundishwa kisa hiki kama habari ya risasi. Mimi nimekuwa nikikisoma pia kama habari ya mto, kwamba watu wa bonde zima, kutoka makabila yasiyosikilizana, waliona ni jambo la kawaida kabisa nguvu kutoka majini. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza kwa nini maji.

Mloka ipo ukingoni mwa mto huo, muda mfupi kabla ya lango la Mtemere la iliyokuwa Pori la Akiba la Selous, sasa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anaifahamu kama mahali pa kujaza mafuta na kununua maji ya chupa. Lakini ukitazama ramani kuanzia pale, juu na chini ya mto, unaona madoa ya buluu yaliyotawanyika kama matone yaliyomwagika: Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu ndani ya hifadhi, Zumbi, Mtanza, Ruwe, Utunge na mengine nje yake. Ni maziwa madogo, mengi yao yakiwa vipande vya njia za zamani ambazo mto uliziacha au mabonde ambayo mafuriko huyajaza. Samaki wa maji baridi anayeliwa Mloka, Mwaseni na Mkongo hutoka humo zaidi kuliko mtoni kwenyewe, kwa kuwa mtoni maji yana kasi, mchanga na mamba.

Kabla ya dawa za dukani kulikuwa na utupa. Majani yake yalipondwa, yakatiwa katika vidimbwi vya kiangazi, na baada ya muda mfupi samaki walianza kupanda juu wakihema. Sumu iliyomo huzuia seli za samaki kuitumia hewa ambayo matamvua yameshaivuta, kwa hiyo anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji yenye pumzi. Baada ya siku chache za jua sumu hiyo huvunjika. Sitaki kuupamba uvuvi wa utupa. Uliua vifaranga pamoja na wazazi wao. Ila ulikuwa na mipaka yake. Utupa ulihitaji mikono mingi ya kuponda, ulifaa dimbwi dogo ambalo lingekauka hata hivyo, na aliyeutumia alikuwa akila samaki wale wale jioni ile ile pamoja na jirani zake.

Pamba ndiyo iliyoleta sumu ya aina nyingine. Rufiji imelima pamba tangu enzi za Wajerumani, na katika nusu ya pili ya karne ya ishirini pamba ilikuja na chupa zake: DDT, kisha endosulfani, iliyouzwa kwa jina la Thiodan. Endosulfani hushambulia mishipa ya fahamu. Kwa samaki wengi sehemu chache tu kwa kila bilioni ya maji zinatosha kuua ndani ya siku nne. Mtu mmoja mwenye chupa moja ya shambani anaweza kufanya usiku mmoja kazi ambayo kijiji kizima kisingeiweza kwa utupa, tena bila jirani kujua. Sheria ya Uvuvi Na. 6 ya 1970 na iliyoifuata, Na. 22 ya 2003, zote zilikataza kuvua kwa sumu. Endosulfani yenyewe iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Wakemia wetu, akiwemo Haji Mwevura na wenzake, wamepima udongo, maji na tope la delta ya Rufiji na kukuta masalia ya viuatilifu vya aina hizi. DDT haina haraka ya kuondoka. Inakaa katika mafuta ya samaki, na ya anayemla samaki.

Hapa naomba nipotoke kidogo kwenda Mwanza. Mwaka 1999 zilipotoka taarifa kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakitumia viuatilifu, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa minofu ya sangara kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Viwanda vilisimama, mawaziri walipanda ndege, maabara zikatafutwa fedha. Yote hayo kwa sababu mlaji alikuwa Ulaya. Kambale wa Ruwe hana mlaji wa namna hiyo. Anauzwa Ikwiriri na Kibiti, analiwa na mama mjamzito ambaye hajawahi kusikia habari ya sehemu kwa bilioni, na hakuna mlango wa mtu yeyote mkubwa unaofungwa kwa ajili yake.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala ambayo kila mtu anaitarajia: mvuvi mbaya, chupa mbaya, sheria isiyotekelezwa. Kwa jinsi ninavyoisoma historia ya maziwa haya, dawa ni sehemu ndogo ya uchafu wao. Sehemu kubwa ni maji kukaa.

Nilianza kulielewa hilo vizuri Mloka, kwa mzee mmoja aliyevua tangu utotoni. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," na baada ya kuulizana habari za nyumbani nilimuuliza kama ziwa lao limechafuka. Alinijibu kwa swali: lilioga lini mara ya mwisho? Kwake ziwa huoga. Mto ukifurika, maji mekundu huingia upande mmoja na kusukuma nje maji ya kijani upande mwingine, na samaki wa mwaka huo hana harufu. Likipitisha miaka miwili mitatu bila kuoga, perege anakuwa mdogo, ananuka tope hata umkaange na ndimu.

Harufu hiyo ya tope ina jina katika vitabu vyetu. Maji yaliyotulia, yenye joto na mbolea nyingi, huota vimelea vya kijani-buluu vinavyofanana na mwani, na baadhi yake hutengeneza kemikali iitwayo jiosmini, ile ile inayoleta harufu ya udongo mvua ya kwanza inapopiga. Inaingia kwa samaki kupitia matamvua na kukaa katika mafuta. Yenyewe haimuumizi mlaji, ila ni dalili. Mimea hiyo mchana hutoa hewa na usiku huivuta. Inapokufa na kuoza, bakteria huvuta zaidi. Maji ya nyuzijoto 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Kwa hiyo ziwa la Rufiji linaanza na akiba ndogo, na alfajiri, baada ya usiku mzima wa kila kiumbe kupumua, akiba hiyo inaweza kuwa imekwisha. Perege anayeishi hivyo hafi lazima. Anapunguza kula, anakua polepole, anazaa akiwa mdogo, na ngozi yake inashindwa kupigana na minyoo na kuvu. Afya mbaya ya samaki mara nyingi haiwi mizoga juu ya maji. Ni urefu wa samaki kwenye ungo.

Mwaka 1989 Wolfgang Junk na wenzake, wakitegemea hasa utafiti wa Amazon, waliandika kwamba mito ya tambarare haina budi kueleweka kwa mapigo ya mafuriko: mto unapanda, unashuka, na uhai wote wa bonde unafuata mapigo hayo. Kwa Rufiji kazi hiyo ilifanywa na Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck, walioanza wakati Shirika la Uhifadhi la IUCN lilipokuwa na mradi wa mazingira wilayani, kati ya 1998 na 2003, kisha wakaendelea. Makala yao ya 2007 iliuliza mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka. Ile ya 2011 ilihusu kuunganishwa na kutounganishwa kwa maziwa na mto, na ukiisoma ukiwa umetoka kumsikiliza yule mzee unaona wanazungumza kitu kimoja kwa lugha mbili.

Mrufiji alijenga maisha yake yote juu ya mapigo hayo. Alilima mpunga ukiongojea mafuriko, kisha maji yakishuka alilima mlau juu ya tope jipya, mahindi na kunde na malenge. Shambani alikuwa na dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, ambamo aliweza kulala maji yakipita chini yake. Mwaka ambao mafuriko yalizidi alipoteza mpunga akapata samaki.

Lakini waliokuja kulitazama bonde kutoka ofisini waliona kitu kingine. Alexander Telford, aliyetumwa na serikali ya Waingereza, alitoa mwaka 1929 taarifa ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 FAO ilichapisha majuzuu saba juu ya bonde hilo. Korongo lililo juu ya Mloka lilikuwa tayari limepewa jina la Stiegler, ambaye inasemekana aliuawa huko na tembo mwaka 1907, na kila mhandisi aliyefika aliona pale ukuta wa bwawa. Katika nyaraka nyingi za aina hii mafuriko yamo katika sura ya matatizo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda mwinuko wa kaskazini katika vijiji vya ujamaa. Walihamishwa watu, mashamba na maziwa yalibaki yalikokuwa. Wanawake wakaanza kutembea saa nyingi kurudi kwenye mpunga, nguruwe na nyani wakapata nafasi. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wageni kama Audun Sandberg na Kjell Havnevik waliyaandika haya mapema, wakionya pia kuhusu bwawa. Mwaka 1975 ilianzishwa RUBADA kusimamia maendeleo ya bonde, na mwaka huo huo Kidatu ikaanza kutoa umeme kutoka Ruaha Mkuu.

Ruaha ndiyo sehemu ya historia hii inayonitia wasiwasi kuliko zote, maana ni mto ule ule kabla haujafika kwetu. Mashamba ya mpunga ya Usangu yalipanuka, maji ya kiangazi yakachepushwa, na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu kwa nguvu, wakidaiwa kuwa ndio wanaoukausha, wakashuka na ng'ombe wao kuelekea Rufiji na Lindi. Wengine walibaki bondeni kwetu, na maziwa yakawa mabirika. Huko juu kiboko hakuhamishwa. Alibaki katika vidimbwi vilivyosalia, akila nyasi usiku nchi kavu na kunya majini mchana, kama alivyofanya siku zote. Tofauti ni kwamba mto haukuwepo tena wa kubeba. Keenan Stears, Douglas McCauley na wenzao walipima vidimbwi hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2018: mto unapotiririka kinyesi cha kiboko ni chakula cha mfumo mzima, mto unapokatika, vidimbwi vyenye viboko wengi hupoteza oksijeni, na samaki na wadudu wa majini hupungua idadi na aina. Mnyama yule yule, kinyesi kile kile. Kilichobadilika ni mwendo wa maji.

Mwaka huo huo timu nyingine ilionyesha jambo linalofanana katika mto Mara upande wa Kenya, wenye viboko zaidi ya 4,000: maji ya mvua yakisukuma kwa ghafla uchafu uliotuama vidimbwini, samaki wa chini ya mto hufa kwa kukosa hewa.

Nalitaja hili kwa sababu ya kilichotokea Machi 2022, maji ya Mara upande wa Tanzania yalipogeuka meusi na samaki kuelea. Wananchi wengi waliutazama mgodi. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisha nikarudi kwenye makala za kiboko na kicheko kikaniisha, maana jibu hilo kisayansi halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Wala simlaumu aliyecheka. Mtu aliyeishi miaka mingi jirani na uchafu wa kweli ambao haukuwahi kuelezwa kwake hadharani hawezi kuanza kuamini siku anapoambiwa mkosaji ni ng'ombe wake. Vipimo vinavyofanywa mara moja, baada ya msiba, na mtu aliyetumwa na mwenye mamlaka, havijengi imani hata vikiwa sahihi.

Bonde letu lina mfano wake pia, Kihansi. Mto Kihansi unaingia Kilombero, Kilombero unaingia Rufiji. Bwawa lilipoanza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 lilipunguza mivuke ya maporomoko ambamo waliishi vyura wadogo waliogunduliwa 1996 na wasiopatikana kwingine duniani. Mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu ulikuwepo. Vilevile mageti ya bwawa yalikuwa yamefunguliwa na kumwaga tope la miaka, lenye viuatilifu vya mashamba ya juu. Hadi leo watafiti wanabishana uzito wa kila sababu. Mwaka 2009 vyura hao walitangazwa kutoweka porini. Bwawa linaweza kukusanya sumu polepole na kuitoa kwa siku moja.

Tarehe 22 Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa pale korongoni kwa Stiegler. Megawati 2,115, mitambo tisa. Mimi ni kijana wa nchi ambayo umeme ulikuwa ukikatika nikiwa nasoma kwa mshumaa, siwezi kujifanya siutaki. Na masika ya 2024, maji yaliposhuka Rufiji na Kibiti, yakabeba mashamba na kuingia nyumba za watu, ilikuwa vigumu kusimama mbele ya mama aliyepoteza mahindi yote na kumwambia kwamba ziwa limeoga. Wapo waliosema bwawa ndilo lililofungulia maji. Serikali ikasema mvua zilikuwa kubwa na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mafuriko yale yalifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na aliyepata hasara si lazima awe ndiye aliyepata samaki.

Swali la miaka ijayo ni jembamba kuliko ubishi huo. Umeme hupenda maji yanayotoka kwa kiasi kile kile kila siku. Maziwa hupenda maji yanayokuja kwa wingi mara moja kwa mwaka, mekundu, yenye tope na yenye fujo. Tope litazama nyuma ya ukuta. Maji ya bwawa jipya, hasa yale ya kina kirefu yaliyolala juu ya miti iliyozamishwa, yanaweza kutoka yakiwa na oksijeni kidogo, na kijiji kikubwa cha kwanza kuyapokea ni Mloka. Inawezekana kuachia mafuriko ya makusudi kila masika, yaliyopimwa, yanayotangazwa mapema ili watu wavune na kupandisha vitu dunguni. Kwenye mito mingine ya Afrika yenye mabwawa hilo limejaribiwa. Linagharimu umeme kiasi, kwa hiyo anayeliomba lazima aje na ushahidi, na ushahidi unahitaji mtu wa kuchovya kipima-oksijeni katika Zumbi na Ruwe alfajiri, mwezi baada ya mwezi, kabla samaki hawajaelea. Kazi hiyo haina fundi sanifu wala helikopta. Inahitaji mtumbwi, daftari na kijana wa kijijini anayelipwa.

Kwa sasa daftari lililopo ni ungo wa mchuuzi. Kambale ana kiungo cha ziada kichwani kinachomwezesha kupanda juu na kumeza hewa, perege hana. Ziwa linapochoka, kambale wanaendelea kuvuliwa na perege wanapungua, kisha wanafupika. Wanawake wanaonunua samaki ukingoni Mloka na kuwapeleka minadani wanajua uwiano huo kwa macho, mwaka hadi mwaka, na bei zao zinaufuata. Nilipouliza mmoja wao perege wa kiganja kizima wanapatikana siku gani, alisema nirudi baada ya masika, kama mto utapanda.